Majuma Sita ya Funda Moja Moja

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama mwenzetu kutoka Tunduma mbele ya wanafunzi wa zamani, walimu na wanafunzi, katika bwalo la shule, siku ya mkutano wetu wa mwaka.)



Kamati iliponiandikia barua kuniomba nizungumze, ilitaka nieleze habari za kazi yangu ya uwakala wa forodha pale mpakani, na jinsi mambo yalivyobadilika tangu kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kilipozinduliwa mwaka 2019. Niliwajibu nikaomba ruhusa ya kubadilisha mada. Habari za forodha mnaweza kuzipata kwa wakala yeyote. Lakini ninalo deni kwenu, na deni hilo nililikopa humu humu bwaloni.

Mtakumbuka mwaka jana nilikaa meza ya mwisho karibu na dirisha. Pilau ilipopitishwa sikupakua. Soda nilikataa. Mbele yangu palikuwa na kisahani chenye vijiko vitatu vya maharage yaliyopondwa, na vijiko hivyo vitatu vilinichukua nusu saa. Shati lilikuwa likiniwamba zamani, siku ile lilining'inia. Ndugu mmoja, ambaye tulilala naye bweni moja miaka minne, alinishika bega akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimeshaanza dawa. Nilicheka, nikamwambia ni vidonda vya tumbo.

Ndugu zangu, ule ulikuwa uongo. Ndugu yule aliuliza kwa nia njema. Mimi ni mtu wa Tunduma, mji wa malori na nyumba za wageni, na huko kwetu mtu akikonda ghafla jirani huwa ameshapata jibu kabla hajauliza. Na hata kama ningekuwa ninatumia dawa zile, isingekuwa aibu. Wako wengi wanaozitumia na wanalea watoto wao vizuri. Lakini ukweli ni kwamba siku ile ilikuwa siku ya 43 tangu nipasuliwe tumbo, nikatolewa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, ili nipungue uzito. Nilificha, na kuficha kulikaribia kuniua. Ndiyo habari niliyokuja kuitoa.

Nilivyofika huko

Vijana mnaonitazama huenda hamtaamini, lakini nilipokuwa kidato cha pili nilikuwa mwembamba kama fito. Tulipopelekwa kuona kimondo cha Mbozi kule Ndolezi, mimi ndiye niliyepanda juu yake kwanza, na mwalimu akanishusha kwa fimbo. Miaka thelathini baadaye madereva wa malori walinipa jina, na jina lenyewe lilikuwa Kimondo. Walisema kikianguka hakiondolewi.

Nilicheka nao, lakini nyumbani sikucheka. Kazi ya uwakala ni ya kukaa. Unakaa kwenye kiti, unakaa kwenye gari, unakaa na wateja, na kila mteja lazima mle pamoja, nyama choma na chipsi upande huu, na upande wa pili wa mpaka nshima na samaki. Nilifika kilo 142, na urefu wangu ni mita 1.72. Vijana, chukueni kalamu: urefu zidisha kwa urefu unapata kama 2.96, 142 gawa kwa 2.96 unapata 48. Mtu mzima mwenye uzito unaofaa huwa kati ya 18.5 na 25. Kuanzia 25 uzito umezidi, na kuanzia 30 huitwa unene uliokithiri. Mimi nilikuwa 48, nina kisukari, nina shinikizo la damu, magoti yanalia, na usiku nilikoroma mpaka pumzi ikakatika. Mama watoto alikuwa akinitikisa ili nivute pumzi.

Wala si mimi peke yangu. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2004-05 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49, 18 walikuwa na uzito uliozidi. Uchunguzi wa mwaka 2015-16 ulikuta 28. Zamani tulihesabu unene kuwa ni neema. Leo hapana budi tuuhesabu pamoja na maradhi.

Nilijaribu kwanza yote ambayo mtu hujaribu. Nilikatazwa sukari, nikaacha. Nilitembea kutoka Mpemba hadi mjini alfajiri. Nilipungua kilo 12, zikarudi 15. Baadaye daktari alinieleza kwamba mwili uliozoea unene hujitetea, kama nyumba inayotetea moto wake usizimike. Akanieleza njia zilizopo. Iko ya kuweka puto ndani ya tumbo kwa miezi kadhaa bila kupasua, ambayo katika miaka hii ya 2020 Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, imekuwa ikiitoa. Na iko ya upasuaji. Upasuaji huo si jambo la jana. Mwaka 1966 katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, daktari Edward Mason na mwenzake Chikashi Ito walianza kufupisha njia ya chakula ili mgonjwa apungue. Siku hizi njia inayofanywa sana ni ile niliyofanyiwa mimi: kupitia matundu madogo matano, daktari hukata na kuondoa kama robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula, na kuacha mrija mwembamba mfano wa ndizi. Sehemu inayoondolewa ndiyo hasa hutengeneza ile homoni ya njaa iitwayo ghrelini, ambayo wataalamu wa Japani, Masayasu Kojima na Kenji Kangawa na wenzao, waliitangaza mwaka 1999. Kwa hiyo tumbo hupungua, na njaa nayo hupungua kwa muda.

Upasuaji ulifanyika Dar es Salaam. Majuma mawili kabla yake nililishwa vyakula vyepesi visivyo na wanga mwingi ili ini linywee, kwa sababu ini lenye mafuta humzuia daktari kuona njia. Kisha nikapewa nusukaputi. Hayo ya chumba cha upasuaji mimi sikuyaona. Ninayoyajua ni ya baada yake.

Juma la kwanza: kikombe cha dawa

Nilipozinduka nilidhani nitapewa kitanda nipumzike. Jioni ile ile muuguzi alikuja, binti mdogo kama hawa wa kidato cha nne, akaniambia, "Baba, simama, tunatembea." Nikamwambia, "Mwanangu, nimepasuliwa leo." Akanijibu, "Ndiyo maana." Tukatembea hadi mlangoni na kurudi. Kesho yake mara sita. Wagonjwa tulijipanga koridoni kila mmoja na dripu yake, nikakumbuka mchakamchaka wa hapa shuleni saa 11 alfajiri, tofauti ni kwamba hapakuwa na mtu wa kuimbisha.

Baadaye nilielezwa sababu. Mtu mnene akilala bila kutembea baada ya kupasuliwa, damu huweza kuganda katika mishipa ya miguu, donge likapanda hadi kwenye mapafu, na mtu akafa ghafla. Kwa ajili hiyo nilichomwa sindano za kuzuia damu kuganda, nikavishwa soksi za kubana, na nikafundishwa kuvuta pumzi ndefu kila saa ili mapafu yasijae makohozi.

Siku mbili za kwanza bega la kushoto liliniuma kuliko tumbo. Nikaogopa. Muuguzi akaniambia kwamba tumbo hujazwa hewa ya kaboni dayoksaidi ili daktari apate nafasi ya kufanya kazi, na mabaki ya hewa hiyo huleta maumivu begani. Hupungua kwa kutembea. Lakini alinionya: maumivu ya bega yakija pamoja na homa na moyo kwenda mbio, hiyo si hewa tena.

Sasa kunywa. Niliwekewa kile kikombe kidogo cha kupimia dawa, chenye mililita 30, nikaambiwa nimalize kwa funda ndogo ndogo kwa muda wa robo saa. Nilicheka moyoni. Mimi niliyekuwa nikimaliza chupa ya soda kwa pumzi moja! Nikapiga funda mbili za haraka. Nilihisi kama nimemeza jiwe la kusagia. Tokea hapo sikucheka tena.

Mwili unahitaji kama lita moja na nusu ya maji kwa siku, nayo ni vikombe 50 vya aina ile. Mtu akikaa macho saa 16, ni kikombe kimoja kila dakika 20 hivi, kutwa nzima. Wenzangu mliosoma hapa mnajua jinsi kengele ya shule ilivyotutawala. Nami nilijiwekea kengele kwenye simu. Ikilia, funda. Ikilia tena, funda. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, lakini mimi methali ile niliielewa pale kitandani, nikiwa na umri wa miaka 51.

Kitu kinachowarudisha hospitalini wengi katika majuma haya ya kwanza ni ukavu wa mwili. Mtu haoni kiu, hana njaa, anasahau kunywa. Alama yake ni mkojo: ukiwa mweupe uko salama, ukiwa wa rangi ya chai ya rangi uko hatarini.

Juma la pili: supu iliyochujwa

Daktari alinikataza kurudi Tunduma kabla ya majuma mawili. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, na basi ni safari ya kutwa au ya usiku kucha ukiwa umekunja magoti. Kwa mtu aliyetoka kupasuliwa, kukaa hivyo ni kuialika damu igande. Tena, mshono wa ndani ukivuja, mara nyingi huvuja katika majuma haya ya mwanzo, na mtu asiwe mbali na waliomshona. Jambo hilo hutokea kwa wachache, kama mmoja katika mia, lakini huyo mmoja anahitaji daktari saa ile ile.

Nilifikia kwa shemeji yangu Mbagala. Chakula changu kilikuwa maji maji: supu ya kuku iliyochujwa, maziwa yaliyotolewa mafuta, mtindi mwembamba, uji mwepesi uliochujwa kwa kitambaa. Kanuni ilikuwa moja: protini kwanza. Mtu huambiwa apate gramu 60 au zaidi kwa siku, maana mwili ukikosa protini hula misuli yake wenyewe, na mtu hupungua nyama badala ya mafuta. Kwa hiyo tulichanganya maziwa ya unga ndani ya maziwa.

Dawa nazo zilibadilika. Vidonge vyangu vya kisukari vilipunguzwa tangu siku ya kwanza, kwa sababu sukari hushuka upesi baada ya upasuaji huu, na mtu akiendelea na dozi yake ya zamani anaweza kuzimia. Vidonge vya shinikizo vilipimwa upya. Nikapewa dawa ya kupunguza asidi, na vitamini ambazo nitakunywa maisha yangu yote.

Nataka niseme pia juu ya moyo, maana wanaume hatulisemi jambo hili. Siku ya tisa nililia. Shemeji alikuwa anakaanga samaki jikoni, harufu ikaja chumbani, nikageukia ukutani nikalia kama mtoto wa darasa la kwanza aliyeachwa shuleni. Sikuwa na njaa. Nililia kwa sababu chakula kilikuwa rafiki yangu. Nilipofaulisha mzigo tulikula. Nilipogombana na mtu nilikula. Baba yangu alipofariki nilikula. Sasa nilikuwa na mambo yale yale, bila rafiki yule. Mtaalamu wa lishe aliniambia wengi hupita hapo, akanishauri nitafute mtu wa kuzungumza naye. Ushauri huo sikuufuata.

Juma la tatu: nyumbani

Siku ya 16 nilipanda ndege hadi uwanja wa Songwe, ambao jina lake ni la kwetu lakini uko Mbeya. Kutoka pale hadi Tunduma ni safari ya gari, na nilimwomba kijana aliyekuja kunichukua asimame Mlowo na Vwawa ili nishuke nitembee. Aliniona kama nimerukwa na akili, natembea huku na huko kando ya barabara kuu katikati ya malori.

Juma la tatu na la nne ni ya vyakula vilivyopondwa laini kama vya mtoto anayeanza kula: maharage yaliyochemshwa sana na kupondwa na kuondolewa maganda, yai laini, samaki aliyesagwa, boga. Vijiko viwili au vitatu kwa mlo. Kula polepole, ukishiba acha hata kama kijiko kiko njiani. Usinywe pamoja na chakula. Subiri nusu saa. Usibebe kitu kizito. Mimi nilikatazwa kupita kilo tano mpaka majuma sita yaishe. Na usinywe vinywaji vya gesi.

Hayo yote niliyafuata. Kazi ngumu ilikuwa watu. Mama yangu mzazi alikuja kutoka kijijini Mbozi amebeba unga, maharage na kuku wawili wazima. Akaona ninachokula. Akasema, "Mwanangu, huyo mwanamke hakupikii?" Mama watoto akanitazama, akitaka niseme. Nikasema, "Mama, ni vidonda vya tumbo." Mke wangu akatoka nje. Kwa uongo wangu, yeye ndiye aliyebeba lawama ya kuninyima chakula.

Juma la nne: kosa

Siku ya 24 palikuwa na msiba kwa jirani. Nilikwenda, kama ada. Chakula kikaletwa, tukazunguka sinia wanaume sita. Mkono wangu usipoonekana kwenye sinia, mtauliza. Nilikata matonge matatu ya ugali, madogo kama yai la njiwa, na kipande cha nyama. Kisha nikashushia maji.

Sikufika nyumbani kabla ya kuanza kutapika. Nilitapika usiku ule na kesho yake. Sikuweza kushusha hata funda la maji. Kifua kilibana, tumbo la juu likauma. Badala ya kumpigia daktari wangu, nilimtuma kijana duka la dawa aseme ni vidonda vya tumbo na mwili unauma. Wakampa vidonge vya maumivu vya jamii ya diklofenaki. Muuzaji hakujua ninachokificha. Vidonge vya namna ile hukwangua ukuta wa tumbo, na mtu aliyefanyiwa upasuaji kama wangu huonywa asivitumie bila ruhusa. Mimi nilikuwa nimeonywa. Nilimeza viwili.

Siku ya 26 jioni nilisimama nikaanguka. Nilipelekwa hospitali, na hata pale, daktari aliponiuliza historia yangu, nilifungua mdomo nikasema, "Vidonda vya tumbo." Akaanza kuandika. Ndipo mama watoto aliposema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Daktari, huyu amekatwa tumbo Dar es Salaam siku ishirini na sita zilizopita, na anaona bora afe kuliko watu wajue."

Kila kitu kikabadilika. Kalamu ikasimama. Wakapima mapigo ya moyo: 124 kwa dakika. Wakampigia daktari aliyenipasua, akawaeleza la kufanya. Nikawekewa dripu, na kabla ya dripu ya glukosi nikachomwa vitamini B1, kwa sababu mtu aliyetapika muda mrefu baada ya upasuaji huu huweza kuishiwa na vitamini hiyo, na sukari ikitangulia huweza kumdhuru ubongo. Usiku ule nikapelekwa Mbeya kupigwa picha ya tumbo. Namshukuru Mungu, mshono ulikuwa mzima. Nilikuwa nimekauka maji na tumbo limevimba kwa ugali na kwa dawa. Nililazwa siku nne, nikarudishwa kwenye kile kikombe cha mililita 30, kana kwamba sijawahi kutoka darasa la kwanza.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Mimi kilio kilikuwa kimeshafika mlangoni. Na pamoja na hayo, ndugu zangu, siku ya 43 nilikaa pale dirishani nikamdanganya rafiki yangu. Aibu haiponi kwa dripu.

Ninayowaomba

Ndugu Mwenyekiti, sikuja kuwashawishi watu wakapasuliwe. Kwa muda mrefu, tangu mwaka 1991, madaktari waliufikiria upasuaji huu kwa mtu mwenye kipimo cha 40 na zaidi, au 35 akiwa na maradhi yaletwayo na unene; mwaka 2022 vyama vya wapasuaji wa fani hii vilipendekeza mipaka hiyo ishushwe. Ni uamuzi wa mtu na daktari wake, baada ya njia nyingine, na gharama zake si ndogo. Mimi leo nina kilo 98. Nalala bila kutikiswa. Vidonge vya kisukari vimesimamishwa, ingawa napimwa kila miezi mitatu. Nywele zilinidondoka mwezi wa nne, zikarudi. Lakini tumbo dogo halimfundishi mtu adabu. Mtu akinywa soda na maziwa mazito kutwa, kilo hurudi. Nimepewa nafasi, sikupewa ushindi.

Kwa wale mnaofikiria njia hii, au mnaye ndugu anayeifikiria, nawaombeni mambo manne. La kwanza, mkae karibu na waliowapasua kwa majuma mawili. La pili, mjue alama za hatari: moyo kwenda mbio zaidi ya mara 120 kwa dakika, homa, maumivu ya tumbo yanayozidi, pumzi kubana, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kutapika kusikokoma, kushindwa kunywa kutwa nzima. Moja tu kati ya hizo, nendeni hospitali usiku ule ule. La tatu, muwe na karatasi mfukoni iliyoandikwa upasuaji gani mlifanyiwa, tarehe, na namba ya daktari, ili hata ukizimia karatasi iseme. La nne, mwambieni ukweli mtu mmoja zaidi ya mke au mume. Mimi ningemwambia mama yangu peke yake, asingeniacha nikaribie sinia ile.

Nilimwambia baadaye, mwezi wa tatu. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Hicho walichokikata wamekitupa wapi?" Nikasema sijui. Akasema, "Ungekuja nacho tukizike, maana ndicho kilichokula mali yako." Tokea siku hiyo ndiye anayenipondea maharage akija, na akisikia mtu anauliza habari ya wembamba wangu humjibu kabla sijafungua mdomo.

Kwa ninyi vijana, neno langu ni fupi. Hapa shuleni mnalalamikia mchakamchaka na maharage, kama tulivyolalamika sisi. Mkitoka hapa hakuna atakayewapigia kengele ya kukimbia, na chakula kitakuwa tele kuliko maharage. Jipigieni kengele wenyewe mapema. Na mkiwa na mwenzenu bwenini aliye mnene, msimpe jina. Mimi nilicheka nilipoitwa Kimondo, na kucheka kule ndiko kulikonifundisha kuficha.

Na kwa ndugu yangu aliyenishika bega mwaka jana, namwona ameketi meza ile ile. Ndugu, uliniuliza swali la upendo nikakujibu uongo. Jibu langu ndilo hili. Mchana huu nitakaa karibu nawe, nitakula vijiko vyangu taratibu, na usinisubiri. Wewe maliza pilau yako.